Ukoo Uliosalia Katika Daftari la Kodi

Mskoti atafutaye asili ya ukoo wake ana bahati. Tangu tarehe 1 Januari, 1855, sheria imetaka kila azaliwaye, aoaye na afaye aandikishwe, na cheti cha kifo hutaja baba na mama wa marehemu. Cheti cha mzee aliyefariki mwaka 1860 chaweza kutaja wazazi waliozaliwa kabla ya 1750.

Huko Ayalandi mambo ni magumu. Uandikishaji wa watu wote ulianza 1864, baada ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852 kuua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine ng'ambo. Kisha Juni, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikateketeza jumba la kumbukumbu mjini Dublin, pamoja na karibu hesabu zote za watu za 1821 hadi 1851. Hesabu nne zilizofuata zilikwisha haribiwa na serikali yenyewe!

Kimbilio ni daftari la Griffith la kukadiria kodi ya ardhi, lililochapishwa kati ya 1847 na 1864. Mwenye kibanda ametajwa humo, pamoja na bwana shamba wake. Mke na watoto hawamo. Ukishakijua kijiji, basi, uwatafute katika vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki, ambavyo havikuwekwa katika jumba lile la Dublin.