Kibubu na Msumari

Nilipokuwa na miaka tisa, baba alinitengenezea kibubu cha mbao. Alipofika kwenye msumari wa mwisho aliinua nyundo, akaizuia hewani, akaniuliza, "Nipigilie?" Nikamjibu, "Pigilia, baba." Kuanzia hapo kila sarafu niliyopewa niliitumbukiza mle, nikingojea Krismasi ninunue viatu.

Sasa niwaulize, wanangu: msumari ule ulikuwa wa kumzuia nani? Nyumbani hapakuwa na mwizi. Niliyekuwa nikimwogopa ni mimi mwenyewe wa kesho yake, yule atakayepita dukani, anuse maandazi ya moto na kusahau viatu vyote vya duniani.

Watu wazima nao wako hivyohivyo. Kwa miaka mingi wachumi waliandika kana kwamba binadamu hupiga hesabu vizuri na kutimiza kila alichopanga. Baadaye wengine, akiwamo Richard Thaler wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, walisema tumtazame mtu alivyo: husahau, huahirisha, na leo humvuta kuliko kesho. Elimu hiyo huitwa uchumi wa tabia. Serikali nyingi zimeipenda, kwa sababu inazionyesha namna ya kumsogeza mwananchi kuelekea jambo jema bila amri wala faini.

Huku mlimani Kilimanjaro tulikuwa na kibubu chetu kikubwa kabla ya wataalamu hao, nacho ni kahawa. Mkulima akipeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, hupimiwa, huandikiwa, hulipwa malipo ya kwanza. Kahawa inashuka Moshi, inakwenda mnadani, na ikishauzwa vizuri huja malipo ya pili. Chama hakikupanga hivyo ili kumfundisha mtu kuweka akiba. Sababu yenyewe ni kwamba bei haijulikani mpaka mnada upite. Lakini ulizeni wazee wa vihambani. Malipo ya kwanza yaliishia kwenye chumvi, sukari na madeni. Malipo ya pili ndiyo yaliyokuwa ada ya shule na bati la nyumba, kwa kuwa yalikuja kwa mkupuo, baada ya mkono kushindwa kuyafikia mapema.

Ng'ambo ya mpaka, Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti watatu walikutana na kitendawili. Walikuwa Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson. Wakulima wa mahindi waliijua faida ya mbolea, maana waliiona katika mashamba yao wenyewe ya majaribio. Walipoulizwa kama wataitumia msimu ujao, karibu wote walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliotimiza hawakufika nusu. Ni rahisi kusema hao ni wavivu. Mimi sikubali. Fikirini mnavyoishi: baada ya mavuno mahindi yapo, fedha ipo, lakini kupanda bado ni miezi. Mtu anajiambia atakwenda mjini wiki ijayo. Wiki ijayo kuna msiba, kuna mtoto mgonjwa, kuna mgeni. Wakati wa kuweka mbolea unapofika, mfuko mtupu.

Basi wakabuni mpango wakauita SAFI. Mtu aliwafuata wakulima nyumbani mara tu baada ya mavuno, akawaambia: ukilipia mbolea sasa, kiasi chochote upendacho, utaletewa hapa bure siku utakayoitaja. Mwenye kutaka alilipa, akabaki na hati yake. Asiyetaka alibaki na fedha yake, asigombezwe. Bei ya mbolea haikupunguzwa hata senti, ila usafirishaji tu, na kwa siku chache tu. Matokeo yalilingana na yale ya kupunguza bei kwa nusu baadaye msimuni. Nusu ya bei, wanangu! Serikali hutumia mabilioni kwenye ruzuku, na hapa kilichofanya kazi ni kubisha hodi wakati unaofaa. Kremer na Duflo, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Nobel mwaka 2019 kwa utafiti wa namna hii juu ya umaskini.

Kuna mahali ambapo amri inafaa. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania, Juni 2019, sikunung'unika, kwa sababu mfuko wangu ukitupwa mferejini unaziba maji ya jirani wa chini. Ninachokizungumzia ni mambo ambayo hasara na faida yake ni ya mtu mwenyewe.

Katika hayo, mlima wetu una kumbukumbu chungu. Miaka ya 1920 mkuu wa wilaya, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga wapande mibuni, nao wakapanda. Mwaka 1925 waliunda chama chao wenyewe, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kisha ikawekwa sheria kwamba kahawa yote ya Mchagga lazima ipitie huko. Wakubwa walikuwa na sababu zao: wafanyabiashara wasiwagawe wakulima, chama kisife. Huenda hata hesabu yao ilikuwa sahihi. Lakini bei ya dunia ilikuwa imeanguka, mkulima akaona kilo zake zinaingia ghalani na hana mlango mwingine wa kutokea. Mwaka 1937 hasira ikalipuka, majengo ya vyama vya msingi yakashambuliwa, na watu waliokuwa wamejipandia mibuni kwa hiari wakageuka maadui wa ghala lililokusudiwa kuwanufaisha.

Kila nikisoma habari za mwaka huo humkumbuka baba, nyundo ikiwa hewani juu ya msumari, akinitazama, akisubiri nijibu.