Ruzuku kwa miradi ya kupinga ubaguzi: Mambo ambayo vikundi vya Isansa vinapaswa kuyafahamu

Wananchi wa Kata ya Isansa, Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, pamoja na wa maeneo mengine nchini, wanaweza kuomba fedha za kuendesha miradi ya kijamii yenye lengo la kukomesha ubaguzi wa kidini, wa rangi na wa kikabila. Hata hivyo, fedha hizo hutolewa kwa masharti ambayo kikundi kinapaswa kuyaelewa kabla ya kuandika ombi.

Msingi wa miradi ya aina hiyo ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 13 inapiga marufuku ubaguzi unaotokana na mambo kama kabila, rangi, dini au mahali mtu anapotoka, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mtu kuamini dini aitakayo. Aidha, Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama cha siasa kinachokusudia kuendeleza maslahi ya dini, kabila au rangi fulani. Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, nayo inataja makosa dhidi ya dini, yakiwemo kukashifu imani ya wengine na kuvuruga mkusanyiko halali wa ibada.

Misingi hiyo ilianza kujengwa mapema. Wakati wa utawala wa Waingereza, shule ziligawanywa kwa misingi ya rangi, Wazungu wakiwa na zao, Waasia zao na Waafrika zao. Mgawanyo huo uliondolewa kisheria kuanzia mwaka 1962. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili muswada wa uraia, Mwalimu Julius Nyerere alipinga hoja ya kuufungamanisha uraia na rangi ya mtu. Mwaka 1969 Serikali ilizichukua shule nyingi zilizokuwa zikiendeshwa na madhehebu ya dini, ili watoto wa imani zote wasome pamoja.

Pamoja na misingi hiyo, amani inahitaji kutunzwa kila siku, na Mkoa wa Songwe una mfano wake. Aprili 2013, mji wa Tunduma, wakati huo ukiwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, ulikumbwa na vurugu zilizotokana na mvutano kati ya Wakristo na Waislamu kuhusu nani ana haki ya kuchinja mifugo ambayo nyama yake inauzwa kwa wananchi wote. Polisi walilazimika kuingilia kati. Miezi michache kabla, mvutano kama huo ulikuwa umesababisha mauaji huko Buseresere, mkoani Geita. Ugomvi ulioanzia buchani ulitosha kuwafarakanisha majirani waliokuwa wakizikana na kuoleana.

Tunduma ni lango la mpaka wa Tanzania na Zambia. Watu wa makabila, mataifa na imani mbalimbali hukutana humo kwa biashara, na uhusiano wao hufika hadi vijijini, ikiwemo Isansa. Ndiyo maana miradi ya kuwakutanisha wananchi kabla ya mgogoro kuzuka ina umuhimu wa pekee katika ukanda huo.

Jambo la kwanza ambalo kikundi kinapaswa kulielewa ni tofauti kati ya ruzuku na mkopo. Ruzuku hairejeshwi, lakini mpokeaji huwajibika kuonyesha kazi iliyofanyika na matumizi ya kila shilingi. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani haina riba, lakini lazima irejeshwe. Mikopo hiyo imegawanywa kwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2, na imekusudiwa shughuli za kiuchumi. Kikundi kinachotaka kuendesha midahalo ya amani hakipaswi kutegemea mkopo huo, kwa kuwa mdahalo hauzalishi fedha za kurejesha.

Jambo la pili ni usajili. Kikundi cha kijamii huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kisha halmashauri. Kinachotaka kuwa shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, inayosimamiwa na Msajili aliye chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Taasisi za dini husajiliwa kwa utaratibu mwingine, chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337. Kwa hiyo waumini wanaotaka kuendesha mradi wa pamoja wanapaswa kuamua mapema ni chombo kipi kitakachosaini mkataba.

Miongoni mwa taasisi za ndani zinazotoa ruzuku kwa asasi za kiraia ni Foundation for Civil Society. Balozi na mashirika ya kimataifa pia hutoa ruzuku kwa nyakati tofauti. Katika nchi nyingine, utaratibu kama huu umedumu kwa miongo kadhaa. Huko Ireland ya Kaskazini, Baraza la Mahusiano ya Jamii lililoanzishwa mwaka 1990 hutoa ruzuku kwa vikundi vinavyowakutanisha Wakatoliki na Waprotestanti. Kenya iliunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007.

Jambo la tatu ni ubora wa andiko. Mfadhili hutaka kujua tatizo ni lipi, nani watanufaika, nini kitafanyika, kwa gharama gani, na mafanikio yatapimwaje. Kauli kwamba mradi utaleta amani haipimiki. Idadi ya migogoro iliyofikishwa ofisi ya kijiji na kusuluhishwa, au idadi ya vijana wa imani tofauti walioshiriki mafunzo hadi mwisho, inapimika. Vilevile, kikundi chenye viongozi wa dhehebu moja tu kitapata shida kumshawishi yeyote kwamba kinapinga ubaguzi.

Jambo la nne ni uwazi. Kanuni zilizotungwa mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopokea fedha zinazozidi Sh milioni 20 kuwasilisha mkataba wake Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, na kuutangazia umma fedha hizo. Katika mradi wa kupinga ubaguzi, uwazi una uzito zaidi, kwa sababu fedha zilizofichwa huzua minong'ono kwamba upande mmoja umependelewa, na mradi ukageuka chanzo cha mgawanyiko uliokusudiwa kuondolewa.

Wananchi wa Isansa wenye nia ya kuanzisha mradi wanashauriwa kuanzia ofisi ya kata, kuthibitisha masharti yanayotumika kwa wakati huo kwa wasajili wasaidizi walio katika ngazi ya wilaya na mkoa, na kutomlipa mtu yeyote anayeahidi kuwatafutia ruzuku kwa malipo ya awali.