UMRI WA SAMAKI HAUPIMWI KWA MACHO

Leo tunaweka jembe chini kidogo tuelekee ziwani. Wengi wenu mnaoishi kando ya Ziwa Victoria mnalima na kuvua pia, na wengine mnafuga samaki katika mabwawa. Basi mazungumzo haya yanawahusu.

Tuanze na swali. Ukienda mnadani kununua ng'ombe, umri wake utaujuaje? Utamfungua mdomo, utazame meno. Hudanganywi na mwili, maana ng'ombe aliyekosa malisho anaweza kuwa mzee na bado akawa mdogo. Je, samaki? Hapo wengi wetu husema: huyu mkubwa ndiye mzee, huyu mdogo ni mtoto. Si hivyo kila mara! Aliyefuga perege anajua. Wakijazana bwawani, wanazaana wakiwa wadogo na hawaongezeki tena. Ukiwatazama utadhani ni vifaranga, kumbe ni wazazi.

Sasa basi, "meno" ya samaki yako wapi? Yako ndani ya kichwa. Samaki wengi wana vijiwe vyeupe, vigumu, jozi 3, karibu na ubongo. Huitwa mawe ya sikio, na humsaidia samaki kusikia na kujiweka sawa majini. Jiwe hili hukua maisha yote ya samaki, tabaka juu ya tabaka. Chakula kikiwa kingi na samaki akikua upesi, tabaka huwa pana. Akikua polepole, huwa jembamba. Mtaalamu hulikata jiwe, akalisugua mpaka likawa jepesi kama karatasi, akalitazama kwa hadubini na kuhesabu pete zake. Kwa samaki wachanga, hata pete za siku moja moja huonekana. Jambo hilo lilielezwa na mtaalamu Giorgio Pannella mwaka 1971.

Magamba nayo yana pete, lakini yana hila yake. Gamba likibanduka, linaota jingine, na hilo jipya halina kumbukumbu ya miaka ya nyuma.

Katika nchi za baridi kazi ni nyepesi kidogo. Kila mwaka kuna majira ya baridi, samaki hupunguza kukua, pete inajichora. Kwetu hakuna baridi kali. Pete inaweza kutokea kwa sababu ya mvua au kiangazi, au samaki anapozaa. Mwaka mmoja unaweza kuacha pete 2. Mtu akihesabu pete 6 akasema miaka 6, huenda ni miaka 3 tu. Kwa hiyo hesabu lazima ithibitishwe. Njia mojawapo ni kumchoma samaki sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ile ile anayotumia Bwana Mifugo kwa ng'ombe wako. Dawa huacha alama ndani ya jiwe. Samaki hufungwa kibandiko, akarudishwa majini. Akivuliwa tena baada ya muda unaojulikana, wataalamu huhesabu pete zilizoongezeka baada ya ile alama.

Njia nyingine ni rambo. Hupimwa urefu wa samaki wengi sana mwezi hadi mwezi. Vipimo hujikusanya makundi makundi, kama watoto wa darasa la kwanza, la pili na la tatu. Kundi moja likifuatwa, huonekana linavyosogea na kurefuka.

Utauliza: umri una faida gani kwangu? Tuchukue mfano. Tuseme wamekaguliwa samaki wa aina moja, wakapatikana wa mwaka 1 ni 100, wa miaka 2 ni 50, na wa miaka 3 ni 5 tu. Hao wengine wamekwenda wapi? Na kama aina hiyo huanza kuzaa ikiwa na miaka 3, basi karibu wote wanakwisha kabla ya kuzaa. Ni sawa na mkulima anayekula mbegu, halafu mvua ikanyesha hana cha kupanda. Ndiyo maana sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Tena sangara jike huchelewa kukomaa kuliko dume.

Kosa la umri ni kosa kubwa. Tazama silikanti, samaki wa kale anayenaswa mara kwa mara katika nyavu za kina kirefu huko Tanga. Zamani pete za magamba yake zilihesabiwa, ikaonekana anaishi miaka kama 20. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, kwa magamba ya silikanti wa Komoro, ulitumia mwanga wa namna maalumu na kuona pete ndogo zilizokuwa zimejificha. Kumbe anaweza kukaribia miaka 100, na jike huanza kuzaa akiwa na zaidi ya miaka 50! Samaki wa namna hiyo ukimmaliza leo, wajukuu zako hawatamwona.

Basi, ndugu mkulima, una kazi yako katika jambo hili. Bwana Samaki akija mwaloni na rambo yake, mpe samaki wote awapime, wakubwa kwa wadogo. Ukimficha wale wadogo kwa kuogopa, hesabu itasema vifaranga hawavuliwi, kumbe ndio wanaoteketea. Ukimpata samaki mwenye kibandiko, usikitupe; kipeleke pamoja na samaki mwenyewe, na useme ulimvua wapi na siku gani. Na kokoro, tafadhali, liache. Kokoro halijui mtoto wala mzazi.