Mgonjwa wa Ini Anapoanza Kuchanganyikiwa

Mwaka 1893 Ivan Pavlov na wenzake, huko St. Petersburg, walichapisha matokeo ya mbwa waliounganishwa mishipa ili damu itokayo utumboni isipite kwenye ini. Walipolishwa nyama, mbwa hao walipepesuka, wakawa wakali, wengine wakapatwa na degedege. Ubongo wao haukuwa umeguswa na kisu.

Mtuhumiwa mkuu ni amonia, ambayo huzalishwa utumboni, hasa bakteria wanapovunjavunja protini. Ini lenye afya huigeuza kuwa urea, tukaitoa kwa mkojo. Homa ya ini B au pombe ikilijaza ini makovu, kazi hiyo hupungua, na damu iliyokosa njia hujitafutia michepuko na kulikwepa.

Vishipa vya damu vya ubongo vina kuta za seli zilizobanana sana, hata dawa nyingi hazipenyi. Amonia hupenya. Humo ndani, seli zenye umbo la nyota ziitwazo astrosaiti huipokea na kuitengenezea glutamini, nayo huvuta maji. Seli zinavimba, na mawasiliano ya neva yanavurugika. Ini likishindwa ghafla, uvimbe huo unaweza kuua.

Kwa ugonjwa wa muda mrefu mambo huanza polepole: mgonjwa anakesha usiku na kusinzia mchana, anakosea kuhesabu chenji, tabia inabadilika. Akinyoosha mikono na kuinua viganja, viganja vinapigapiga. Inaniuma kwamba hapo ndugu wengi husema ni uzee, pombe au mashetani, kwa sababu hali hii mara nyingi inatibika mgonjwa akiwahishwa hospitali. Daktari atatafuta kilichoichochea: kufunga choo, kutapika damu, maambukizi, upungufu wa maji, dawa za usingizi. Kisha atampa laktulosi, sukari isiyosagwa tumboni, ambayo huutia utumbo mpana uasidi na kuinasa amonia humo itoke na choo. Choo laini mara 2 au 3 kwa siku ndicho kipimo kwamba dawa inafanya kazi.

Kwa miaka mingi wagonjwa hawa walinyimwa protini, wakakonda. Ilikuwa hasara maradufu, maana misuli nayo husaidia kuiondoa amonia. Ushauri wa sasa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa hiyo maharage, mayai na maziwa yabaki mezani, na mgonjwa apate kitu kidogo cha kula kabla ya kulala.