Mia ya yadi si mia ya mita: Jora linavyokula mtaji wa mfanyabiashara mpakani

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayefanya biashara ya vitambaa, hata yenye daftari hupotea, iwapo kipimo kilichoandikwa humo si sahihi.

Chukua mfano wa mama aliyerejea Rwanda baada ya miaka mingi ya kuishi ugenini, akafungua kibanda cha ushonaji na kupata kazi ya kushona sare za shule. Anasafiri hadi Kariakoo, Dar es Salaam, na kununua majora kumi. "Mama, kila jora ni mia kamili," anaambiwa. Anavuka Rusumo na mzigo wake, anafika nyumbani, anaanza kukata. Kila jora linakwisha kabla ya kufika mita ya 92.

Je, muuzaji amemdanganya? Hapana. Yeye alikuwa akihesabu yadi, na mama alikuwa akihesabu mita.

Yadi moja ni sentimita 91.44. Kwa hiyo yadi 100 ni sawa na mita 91 na sentimita 44 tu. Pengo ni mita 8.56 kwa kila jora, na kwa majora kumi ni mita 85.6. Ikiwa shati moja la mwanafunzi linakula mita moja na nusu, mama huyo amekosa mashati 57 ambayo tayari alikwishayapigia hesabu.

Tofauti hii ina historia yake. Tanganyika, Kenya na Uganda zilitawaliwa na Waingereza waliopima kwa yadi. Rwanda, Burundi na Kongo zilikuwa chini ya Wabelgiji waliopima kwa mita. Leo nchi zote hizi zinafuata mita, lakini yadi haikufa sokoni. Hadi sasa kitenge huuzwa kwa yadi 6 au 12, na hakuna anayeshangaa. Hivyo mpaka wa Rusumo, ambao tangu mwaka 2016 una kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, umebaki pia kuwa mpaka wa vipimo.

Hata hivyo, yadi na mita si chanzo pekee cha upungufu. Ili kuelewa mengine, ni vyema kujua jora linavyotengenezwa kiwandani.

Kitambaa kikishafumwa, kikatiwa rangi na kukaushwa, hupelekwa kwenye mashine ya kukagua na kuviringisha. Hupita juu ya meza yenye taa, ambapo mkaguzi hutazama nyuzi zilizokatika, matundu na madoa. Kutoka hapo hupita katikati ya rola na kuzungushwa kwenye bomba la karatasi ngumu. Katika mashine nyingi, jora hukaa juu ya rola mbili zinazozungushwa na mota. Rola hizo ndizo zinazolizungusha jora, na kwa kuwa zinaligusa kwa nje, kitambaa huenda kwa mwendo uleule hata jora likinenepa. Vitenge vingi haviviringishwi namna hiyo, bali hukunjwa na mashine nyingine inayolaza kitambaa mbele na nyuma, mkunjo juu ya mkunjo, kwa urefu uliopangwa.

Urefu wa jora hupimwa na gurudumu dogo linaloegemea kitambaa kinapopita. Kila linapozunguka, kifaa cha kuhesabia huongeza namba. Hapa ndipo penye siri. Gurudumu likilika kwa kutumika, mzunguko wake hupungua, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kwa urefu uleule wa kitambaa. Namba inapanda, lakini kitambaa hakikuongezeka. Likiteleza na kuacha kuzunguka, mambo huwa kinyume: namba inabaki nyuma na mnunuzi anapata ziada. Ndiyo maana kifaa hiki hutakiwa kuhakikiwa kila mara.

Jambo la pili ni kuvutwa. Ili jora likae sawa bila makunyanzi, mashine lazima ikivute kitambaa kidogo. Ikikivuta kupita kiasi, kitambaa hupimwa kikiwa kimenyooshwa, na kikifunguliwa hurudi katika urefu wake. Jora la mita 100 likirudi kwa asilimia 2, mita 2 zimeyeyuka. Vitambaa vya fulana na jezi, ambavyo hunyumbuka, ndivyo vinavyorudi zaidi. Kwa sababu hiyo viwanda vingi vya nguo huvifungua na kuviacha vipumzike, kwa kawaida saa 24, kabla ya kukata. Fundi anayekata siku hiyohiyo asishangae fulana zikipungua baada ya kushonwa.

Tatu, jora linaweza kufunguliwa na kuviringishwa upya njiani, kabla ya kukufikia wewe. Lebo ya kiwanda ikibaki juu yake, haina maana tena. Aidha, unene wa jora si ushahidi wa urefu, kwani bomba nene au kuviringisha kwa kulegeza hulifanya lionekane limeshiba.

Je, mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo afanye nini? Mizani inaweza kumsaidia. Kata kipande cha mita moja, kwa upana wote wa kitambaa, ukipime uzito. Kisha pima jora zima, toa uzito wa bomba, na ugawanye kwa uzito wa kile kipande. Jibu ni urefu wa jora kwa mita.

Kwa mfano, kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu na uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba kitakuwa na gramu 300 kwa kila mita ya urefu. Jora la mita 100 litakuwa na kilo 30 bila bomba. Likiwa la yadi 100, litakuwa na kilo 27 na gramu 430 hivi. Tofauti ya zaidi ya kilo mbili na nusu haijifichi kwenye mizani. Angalizo ni kwamba pamba hunyonya unyevu, hivyo kipande na jora vipimwe mahali pamoja na kwa wakati mmoja.

Zaidi ya hapo, uliza swali moja kabla ya kutoa fedha: "Mia ya yadi au mia ya mita, kaka?" Jibu liandikwe kwenye risiti, pamoja na upana. Fungua angalau jora moja palepale dukani ulipime kwa futi kamba, likiwa limelazwa bila kuvutwa. Ukikuta upungufu ukiwa bado Tanzania, ipo Wakala wa Vipimo, ambayo ni taasisi ya Serikali inayosimamia vipimo katika biashara. Ukishavuka mpaka, kurudi kudai kunaweza kugharimu kuliko kitambaa chenyewe.

Aliyerejea nyumbani na kuanza upya hana mtaji wa kufidia mita zisizokuwapo. Nauli ameilipia, kodi ameilipia, na mteja anasubiri sare siku ya kufungua shule. Wafanyabiashara wetu wamezoea kupatana bei hadi shilingi ya mwisho. Umefika wakati wa kupatana na kipimo pia.