Pikipiki kuukuu imekataa kuwaka? Pima kwanza, nunua baadaye

SEMA umepata Honda CG125 ya kitambo, imelala nyuma ya nyumba ya mtu kwa miaka, nawe unataka kuifufua. Si chaguo baya. Pikipiki hii iliingia sokoni miaka ya 1970 ikiwa imeundwa kuhimili kazi ngumu, na viwanda vya Uchina vimeiga injini yake kwa wingi.

Kabla ya kutoa pesa, linganisha nambari za injini na chesisi na zilizo kwenye logbuku. Zisipolingana, achana nayo.

Sasa umeifikisha nyumbani, unapiga kiki, kimya. Hapa ndipo vijana wengi huchomeka. Wanakimbilia Kirinyaga Road kununua koili, kabureta, hata pistoni, kumbe tatizo ni uchafu tu. Injini ya petroli inataka vitu vitatu: moto, mafuta na kompresheni. Kagua kimoja baada ya kingine.

Kwanza badilisha oili, kisha sukuma kiki polepole kwa mkono. Ikiwa imekwama, usiilazimishe kwa mguu. Toa plagi, mwagia oili kidogo ndani ya silinda na uiache usiku kucha.

Anza na moto. Rudisha plagi kwenye kofia yake, shika kofia hiyo ya mpira, gusisha chuma cha plagi kwenye injini, mbali na tundu la silinda na petroli, kisha piga kiki. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ikiwa ni hafifu au haipo, jaribu plagi mpya kwanza, kwani ndiyo rahisi kuliko vyote. Kama pikipiki yako ni ya pointi, zisafishe na uweke nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4.

Pili, mafuta. Petroli iliyolala hugeuka gundi na kuziba jeti za kabureta. Mwaga yote, osha tangi, fungua kabureta. Usichokoe jeti kwa waya, utapanua tundu. Nenda kwa jamaa wa pancha akupulizie hewa.

Tatu, kompresheni. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba huku mwenzako akipiga kiki. Hewa inafaa kukisukuma kidole kwa nguvu. Isipofanya hivyo, pima tapeti injini ikiwa baridi: nafasi ni milimita 0.08. Bado? Tia kijiko cha oili kwenye silinda, upime tena. Kompresheni ikipanda, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, shuku valvu. Ni hapa tu ndipo mazungumzo ya kufungua injini yanapoanza.

Ikiwaka, soma moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi, pengine kichujio cha hewa kimeziba. Plagi nyeupe kupindukia nayo inaonyesha hewa inaingia mahali isipotakiwa, kwa mfano kwenye mpira wa kabureta uliopasuka.

Huna vifaa? Mpelekee fundi, lakini mwambie ulichopima na umwombe akuonyeshe kasoro kabla ya kununua chochote. Na unapoenda dukani, beba kipuri cha zamani mkononi. Zinazofanana kwa macho si lazima ziingiane.