Uchungu wa mbege watoka kwenye mti usiohesabiwa

Viwanda vyetu vya bia huagiza hopsi ya kuitia bia uchungu kutoka ng'ambo, kwa kuwa mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi ndipo uchanue vizuri, nasi huku Arusha tuna takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima. Mpika mbege, pombe ya ndizi, yeye hutegemea gome la msesewe, mti unaopenda kingo za mito inayoshuka kutoka Meru. Gome hukaushwa, hutwangwa, huchemshwa, na uchungu wake hukata utamu wa ndizi mbivu. Kazi yake hailingani na ya hopsi kwa kila kitu: hopsi pia huwazuia bakteria wa uchachu, sababu mojawapo ya bia ya chupa kukaa miezi. Mbege huendelea kuchacha ikiwa kilabuni, na ikilala siku mbili haina mnunuzi. Ndiyo maana hupikwa kila mara, na gome hutakiwa kila mara.

Muuza magome mmoja wa Tengeru, aliyeomba asitajwe, analalamika kwamba mteja hununua ndizi bila maneno lakini hubishania fungu la gome, ilhali miti ya karibu imechunwa hadi ikakauka na safari yake inazidi kurefuka. Akikutwa na mzigo, anasema, huitwa mharibifu wa vyanzo vya maji. Lalamiko hilo lina uzito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na msesewe huota humohumo. Afisa mmoja anazitaja mita hizo kama ushahidi kwamba mti uko salama. Lakini mita hazihesabu miti, na shina lililochunwa kuzunguka hufa likiwa limesimama.

Wapo wanaosema vijana wamehamia bia, hivyo mahitaji yatapungua yenyewe. Mjini huenda, lakini vijijini posa na upatanisho bado hudai mbege. Wala si rahisi kubadili gome: la msesewe lina alkaloidi zenye nguvu mwilini, na kipimo chake wapikaji wamerithishana. Njia yenye matumaini, japo ya miaka mingi, ni kuupanda mti huu mashambani na kuuchuna upande mmoja tu. Kikwazo ni hesabu ya mkulima. Akipanda mgrevilea anajua atauza mbao. Akipanda msesewe, hajui kama atatozwa ushuru wa zao au atakamatwa na mazao ya msitu.